Damu Iliyolijua Koti

Saa mbili na nusu asubuhi mstari ulianza kushuka, na Fundi akadhani ni yeye aliyekosea.

Ndivyo alivyo. Mashine ikikohoa, kosa lake. Umeme ukikatika, atajiuliza kama kuna swichi aliyoigusa. Miaka kumi na moja ya maabara ilikuwa imemjengea tabia ya kujishuku yeye kwanza, tabia inayomfaa mtu wa kazi ile na inayomchosha kila anayeishi naye. Jina alikuwa nalo, lakini pale kazini walishalisahau. Kuanzia Mkuu wa maabara hadi mfagiaji, wote walimwita Fundi, kwa kuwa kila kilichoharibika kilipelekwa kwake.

Chombo kilichokuwa mbele yake walikiita mizani, ingawa hakikuwa na sahani wala mawe ya kupimia. Ndani yake mlikuwa na kipande cha kioo chembamba, ukubwa wa kifungo cha shati, kinachotetemeka mara milioni kadhaa kwa sekunde. Kitu chochote kikikaa juu ya kioo hicho, hata kiwe chepesi vipi, mtetemo unalemewa na mstari kwenye kompyuta unashuka. Kazi ya Fundi ilikuwa kukitandika kioo utando wa mafuta, kuuvika utando huo koti la polima, kisha kupitisha juu yake maji ya damu, ile sehemu ya njano inayobaki juu damu ikishazungushwa na chembe nyekundu zikatulia chini. Halafu anakaa, anautazama mstari.

Mafuta hayo ndiyo waliyobebeshea dawa, katika vipovu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Shida ya kipovu cha mafuta ni kwamba kikitia mguu tu kwenye damu, protini zinakivamia. Damu ya mtu haina ukarimu kwa wageni. Protini zinakigandia, zinakitia alama, na ini linakuja kukimeza na dawa yake kabla hakijafika kunakohusika. Ndiyo maana vipovu vikavikwa koti: nyuzi ndefu za polima zilizolowa maji, zinazochezacheza juu ya mafuta bila kutulia, hata protini ikija inateleza kama mkono juu ya sabuni iliyolowa. Hakuna pa kushika. Koti hilo lilikuwa limewagharimu miaka sita ya kazi, na Fundi alilipenda kuliko alivyowahi kukiri mbele ya watu.

Sasa, pale maabara palikuwa na mazoea ambayo hayakuandikwa kwenye mwongozo wowote. Kabla ya kuanza vipimo vya siku, Fundi alitanguliza damu yake mwenyewe. Ilianza siku moja damu kutoka benki ya damu ilipochelewa, naye akakunja mkono wa koti lake jeupe akasema, chukueni hii, damu yangu naijua. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kigezo. Kwa miaka sita damu ya Fundi ilipita juu ya koti na mstari ukalala umenyooka kama shuka lililotandikwa na askari. Mstari wa Fundi ukinyooka, mizani ni nzima, watu wanaendelea na kazi.

Mizani ilikuwa imelala karibu wiki mbili ikingoja pampu mpya. Pampu ilifungwa jana jioni, na leo, kwa mara ya kwanza tangu ilipoharibika, alikuwa ametoa damu mbichi, akaizungusha, akaipitisha. Na mstari ukashuka. Haukushuka kwa kishindo. Ulishuka polepole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani, na haukurudi juu hata alipopitisha maji ya kusuuzia.

"Pampu," alijisemea. "Au sikuosha vizuri."

Akatoa kile kioo, akaweka kipya. Akatandika mafuta upya, akayavika koti jipya kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, akasubiri dakika arobaini bila hata kwenda kunywa maji. Akapitisha damu ileile. Mstari ukashuka tena, na safari hii ulishuka zaidi kidogo.

Fundi alihisi jasho likimtoka chini ya glavu. Alitoka hadi kwenye korido, akamkuta dereva wa maabara ameegemea ukuta anapuliza chai. Walimwita Roketi kwa sababu tangu aajiriwe hakuwahi kuvuka kilomita arobaini kwa saa.

"Roketi, una dakika?"

"Kama ni za kunywa chai, ninazo hata kumi."

"Nataka damu yako."

Roketi alirudi nyuma hatua mbili na kikombe chake. "Fundi, si ulinitoa mwezi uliopita? Mimi nitabaki na nini?"

"Kijiko kimoja tu. Kunja mkono, ndugu yangu, sina utani."

Pengine ni sauti yake iliyomfanya Roketi aache maneno. Alikaa, akakunja mkono, akageuza uso ukutani kama kawaida yake, kwani mwanamume mzima yule huogopa sindano kuliko trafiki. Saa nne na nusu damu ya Roketi ilipita juu ya kioo kingine kilichovikwa koti kutoka chupa ileile. Mstari ulilala. Dakika tano, kumi, kumi na tano, umenyooka wala hautikisiki.

"Yangu nzuri?" Roketi aliuliza, amesimama nyuma yake na pamba mkononi.

"Yako nzuri."

"Na yako?"

Mizani haikuwa mbovu, koti halikuwa bovu. Kilichobadilika kilikuwa damu yake.

"Labda umeumwa," Roketi alisema. "Homa, mafua, kitu kama hicho. Au umejikata."

Hapo ndipo Fundi alipokitazama kidole gumba cha mkono wake wa kushoto.

Siku kumi na tatu zilizopita alikuwa akizibua mrija kwa bomba la sindano lililojaa vipovu vilivyovikwa koti, vitupu, visivyo na dawa. Sindano iliteleza, ikatoboa glavu, ikaingia kwenye gumba. Tone dogo, lisilojaza kichwa cha pini. Alikamua, akaosha, akavaa glavu nyingine, akanyamaza. Sheria ilikuwa wazi: anayejichoma anaandikisha, anaondolewa mezani mwezi mzima, na damu yake haitumiki tena kwa kipimo chochote. Lakini kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuandaa chupa za kwanza za kupelekwa hospitali, na mmoja wa wagonjwa tisa waliokuwa wakizingoja alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja. Fundi alitaka kuiandaa chupa ile kwa mikono yake. Aliogopa wakimtoa mezani, itaandaliwa na mtu anayefikiria chakula cha mchana. Kwa hiyo alificha, na hakuona kwamba ni jambo kubwa.

Sasa aliliona. Damu yake ilikuwa imekutana na koti mara moja tu, kwa tone moja, na ikalikariri. Mwili ulikuwa umetengeneza kingamwili za kulikamata koti lenyewe. Na kingamwili nazo ni protini. Zile nyuzi zilizozitelezesha protini zote za damu kwa miaka sita zilikuwa zimepata mikono iliyokatwa kwa kipimo chake.

Mdogo wake hakulipata koti kwa tone. Siku kumi na mbili zilizopita aliwekewa mfuko mzima. Na dozi ya pili ilikuwa leo, saa sita mchana.

"Roketi," alisema, "washa gari."

Alipiga simu ya mdogo wake huku akivua glavu kwa meno. Imezimwa. Siku za dozi aliizima makusudi, kwa kuwa alikuwa msusi na wateja wake hawakuacha kuuliza lini atarudi kazini. Akapiga ya wodini. Ikaita weee mpaka ikakata. Akampigia Mkuu, aliyekuwa mkutanoni, naye akapokea mara ya tatu kwa sauti ya mtu aliyetoka ukumbini kwa kuona aibu.

Fundi alieleza yote kwa pumzi moja, kidole kikiwemo.

"Ulijichoma, ukanyamaza," Mkuu alisema.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa, Mkuu."

"Sikiliza. Hiyo ni damu ya mtu mmoja. Usiende kutangaza hospitali. Kesho tutapima upya kwa utaratibu, na watu kumi, tuone."

"Dozi ni leo saa sita."

"Dozi ya kwanza haikumdhuru."

"Dozi ya kwanza ndiyo iliyoifundisha damu yake, Mkuu. Ya pili ndiyo itakayokutana na ilichojifunza."

Alikata simu. Hakuwahi kumkatia simu mkubwa wake hata siku moja.

Roketi aliendesha. Masikini, alijitahidi, mshale ulifika hamsini, ukashuka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, akawapisha wanafunzi wote hadi wa mwisho aliyekuwa akiburuta mkoba.

"Roketi, nakuomba."

"Fundi, nikigonga mtu hatufiki kabisa."

Fundi aliuma kidole chake kilekile cha gumba na kutazama nje. Alijua jinsi jambo hilo hutokea, alikuwa ameshalisoma. Vipovu vinaingia, kingamwili zinavirukia vyote kwa mpigo, mwili mzima unaamka kama nyumba iliyovamiwa. Uso unavimba, presha inaanguka, koo linafunga. Mtu mwenye mapafu mazima anaweza kupambana dakika kadhaa. Mdogo wake alikuwa na fangasi wa mapafu waliomla pafu la kulia nusu nzima. Yeye hakuwa na dakika za kupambana nazo.

Nyumbani mdogo wake waliwahi kumwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, na jina likamkaa hadi ukubwani. Mama yao alipofariki Kitinda alikuwa na miaka minane na Fundi ishirini na mmoja. Fundi ndiye aliyemwosha, aliyemsuka vibaya, aliyemsainia ripoti za shule, hadi Kitinda akachoka kusukwa vibaya akajifunza kusuka mwenyewe. Ugonjwa ulipomwingia walimpa dawa ya zamani. Ile dawa iliwaua fangasi kweli, lakini ilimtetemesha hadi meno yakagongana, na wiki ya pili figo zikaanza kugoma. Ikabidi waiache. Baada ya hapo zilibaki njia mbili, kungoja au koti.

Lifti ya hospitali ilikuwa imekwama ghorofa ya tano. Fundi alipanda ngazi mbilimbili, akaingia wodini anahema kama yeye ndiye mgonjwa. Saa ya ukutani ilionyesha sita kasoro dakika nane, na mfuko ulikuwa umeshaning'inizwa.

Kitinda alikuwa ameketi kitandani, amejipaka rangi ya mdomo. Alijipaka kila siku ya dozi. Alisema dawa inayomwezesha kulala chali bila kukabwa na pumzi inastahili kupokewa kwa heshima. "Dada! Umekuja kushuhudia?" alisema, akicheka kwa ile sauti yake iliyokuwa imekonda. Muuguzi, mama wa makamo mwenye saa iliyobanwa kifuani, alikuwa ameshaunganisha mrija kwenye mkono wake. Vidole vyake vilikuwa juu ya gurudumu dogo la kufungulia, na matone mawili yalikuwa yamekwisha kudondoka ndani ya kile kichupa cha mrija.

Fundi hakusalimia. Alipita kati yao, akalifunga gurudumu, akalishika ngumi.

"Wewe!" muuguzi alipaza sauti. "Una wazimu? Toa mkono!"

"Haijamwingia? Niambie haijamwingia."

"Bado iko mrijani. Toa mkono, nimesema."

"Sitoi. Mwiteni daktari."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliinua vichwa. Daktari wa wodi alikuja, mwanamke mfupi mwenye miwani inayoning'inia shingoni, akamtazama Fundi, akautazama mkono wake kwenye mrija.

"Wewe ni ndugu wa mgonjwa au mtu wa maabara?"

"Vyote viwili."

"Basi kwa sasa zungumza nami kama mtu wa maabara."

Fundi alizungumza. Alieleza mstari wake, mstari wa Roketi, kidole. Hakuthubutu kumtazama Kitinda. Daktari alisikiliza bila kumkatiza, kisha akamwambia muuguzi auchomoe mrija na kuuning'iniza.

"Unachosema kinawezekana," alisema. "Lakini sina ushahidi wa damu ya mgonjwa wangu, nina wa damu yako. Nikiuondoa mfuko huu bure nitakuwa nimemnyima dawa pekee anayoivumilia. Umechanganywa saa tano. Unaharibika saa kumi na moja. Chukua damu yake. Niletee jibu kabla ya saa kumi na nusu."

Hapo Kitinda akafungua mdomo. Kicheko chote kilikuwa kimemtoka usoni.

"Jana nilipanda ngazi," alisema. "Ghorofa moja, Dada. Muulize nesi. Nilipanda bila kusimama. Wewe unakuja hapa na kidole chako unaninyang'anya."

"Mdogo wangu..."

"Usiniite mdogo wangu. Siku kumi na tatu unakaa hapa kitandani kwangu unanimenyea machungwa, umenyamaza. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa wangenitoa, chupa yako ingeandaliwa na mtu mwingine."

Kitinda alikohoa muda mrefu, mkono kifuani. Kisha akanyoosha ule mkono mwingine, mwembamba, umejaa alama za sindano.

"Chukua," alisema. "Na uniletee mstari ulionyooka. Unasikia? Ulionyooka."

Fundi alizoea kutoa damu za watu. Siku hiyo alikosa mshipa mara mbili, ikabidi muuguzi amsaidie.

Saa nane na robo alikuwa mezani tena, na kioo kipya. Alivika koti polepole. Nyuma yake mlango ukafunguka. Mkuu aliingia na tai yake ya mkutanoni, akavuta stuli, akakaa. Fundi hakugeuka. Akabonyeza, maji ya damu ya Kitinda yakaanza kusafiri ndani ya mrija mwembamba kuelekea kwenye kioo, njano hafifu kama chai iliyozidiwa maji.

Maisha yake yote Fundi alikuwa ameogopa kukosea. Sasa aliomba awe amekosea. Mstari ukilala, yeye ni mpumbavu aliyejichoma, aliyeficha, aliyezua fujo wodini na kumkatia simu Mkuu. Watamfukuza, na watakuwa na haki. Kitinda atawekewa mfuko saa kumi na nusu, atalala chali, atapanda ghorofa mbili. Fundi alilitaka hilo kwa moyo wote. Nifukuzeni, alisema moyoni, nifukuzeni hata leo hii.

Dakika ya kwanza mstari ulilala. Dakika ya pili ulilala. Mkuu akashusha pumzi nyuma yake. Dakika ya tatu Fundi alianza kulia kwa furaha, machozi yanamdondokea kwenye barakoa, na akanyoosha mkono aguse kioo cha kompyuta, pale pale palipokuwa na ule mstari mzuri.

Dakika ya nne mstari ukashuka chini ya kidole chake.

Ulikwenda chini kuliko wake. Ulipita mahali ambapo wa kwake uliishia na ukaendelea, na alipopitisha maji ya kusuuzia haukupanda hata unywele. Protini zilikuwa zimejaa juu ya koti, zimeshika, hazibanduki. Fundi alitazama hadi macho yakamuuma. Alikuwa sahihi, na hakuwahi kuwa na hofu kama ile.

"Kama ungeandikisha siku ile," Mkuu alisema kwa sauti ya chini, "tusingeitumia damu yako. Leo tungetumia ya Roketi. Mstari ungenyooka, nasi tungekwenda kula."

"Najua." Alikuwa ameshaliwaza hilo garini, na halikumfariji hata kidogo. Uoga wake ndio ulioonyesha hatari. Haukuwa wema, ulikuwa bahati, na bahati haisainiwi kwenye ripoti.

"Wangapi wamepata dozi ya kwanza?"

"Tisa, pamoja naye. Wanane waliobaki wanapata ya pili Jumatatu."

Mkuu alilegeza tai. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Asubuhi alikuwa amesema usitangaze. Sasa alitoa simu mwenyewe, akaanza kupiga, namba moja baada ya nyingine, na kila aliyepokea alimwambia maneno yaleyale: simamisheni. Fundi aliuchapa mstari kwenye karatasi, akaikunja mara mbili, akaenda kumtafuta Roketi.

Saa kumi na dakika kumi alikuwa mlangoni mwa wodi. Alikuwa amejiandaa njiani jinsi ya kuingia, maneno gani atangulize. Hayakuhitajika. Kitinda hakuitazama karatasi, alimtazama usoni, kisha akageuza kichwa kuelekea dirishani.

Daktari aliisoma ile karatasi amesimama. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Asante. Umemwokoa," kwa sauti ndogo, kama anayetoa pole. Muuguzi aliushusha mfuko kwenye ndoano. Kitinda aliutazama ukichukuliwa, umejaa, hadi mlango ulipojifunga.

"Sasa nimebakiwa na nini?" aliuliza.

Daktari alieleza kwamba watarudi kwenye dawa ya zamani, kiasi kidogo kidogo, wakizichunga figo kila siku. Wakati huohuo watakuwa wakiipima damu yake, kwani kingamwili za namna ile huweza kupungua, na zikipungua watajaribu tena. Kisha akaitwa kitanda kingine. Fundi akabaki amesimama na mikono yake mitupu.

"Damu husahau?" Kitinda aliuliza.

Fundi alikuwa na jibu zuri la kumpa mgonjwa. Alilisikia likimjia ulimini, laini, limepangika.

"Sijui," alisema. "Kwa wengine wiki chache. Kwa wengine miezi. Wako mstari umeshuka sana. Sijui, Kitinda."

Rangi ya mdomo ilikuwa imefutika pembeni, imebaki katikati tu kama ya mtoto aliyekula jamu. Kitinda alijifuta kwa kiganja.

"Wewe ukiogopa unanyamaza," alisema. "Tangu mama alipokuwa mgonjwa. Ulikuwa unaniambia amelala, amelala. Nami nilikuwa najua hajalala."

"Najua."

"Basi usininyamazie tena. Nami naogopa, Dada. Naogopa mpaka nashindwa kumeza mate. Niambie kama mtu wa maabara. Nitakufa?"

Fundi alivuta kiti hadi magoti yake yakagusa chuma cha kitanda. Aliushika ule mkono wenye alama za sindano, akauweka kati ya mikono yake miwili, na wala hakujaribu kuificha mitetemo yake. Kisha akaanza kumweleza kila alichokijua na kila asichokijua, kimoja baada ya kingine, akianzia na figo.